Jibu: Binamu wa Nyarugusu aliyeahidiwa kazi ya dagaa visiwani

Mkuu, umeuliza kama binamu yako, Mrundi aliyeandikishwa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Kigoma, amfuate tajiri, yaani mwenye mitumbwi, anayemwita kwenye kambi ya dagaa visiwani Ukerewe. Wengi hapo juu wamesema aende, pesa ipo. Mimi nimevua huko, nikawa karani, sasa niko mwaloni Kirumba, soko la samaki Mwanza. Nasema asiende hivi hivi.

Pesa ipo, sikatai. Ila jua inavyofika mfukoni. Dagaa huvuliwa kwa taa, usiku wa giza. Mwezi ukikua, hawakusanyiki kwenye taa, mitumbwi inapumzika, tumbo halipumziki. Siku hizo mnakula kwa daftari la tajiri: unga, sigara, vocha, dawa ya malaria. Giza likirudi, kwenye mauzo yanatolewa kwanza mafuta ya injini, chakula na matengenezo ya taa, ndipo kinachobaki kinagawanywa. Nilikokaa mimi, nusu ya tajiri, nusu ya wavuvi wote wa mtumbwi. Halafu ndiyo daftari linafunguliwa juu ya hicho kisehemu chako. Nimelishika daftari hilo, najua kilo mbili za unga zinavyogeuka nne. Mwenyeji akiona hesabu imepinda anabishana, akishindwa anahamia kambi nyingine. Asiye na karatasi habishani. Tajiri hana haja hata ya kumtisha, anasema tu kwamba Uhamiaji wameonekana kisiwa cha jirani.

Mimi ni Muha wa Kasulu. Kiha na Kirundi vinasikilizana, kwa hiyo "wewe si Mrundi?" nimeulizwa mpaka nimezoea. Namba ya NIDA, ya kitambulisho cha taifa, ndiyo huniokoa. Binamu yako atatoa nini?

Kwa Sheria ya Wakimbizi ya 1998, mkimbizi hatoki kambini bila kibali, na kuajiriwa kunahitaji kibali kingine. Kuna mchangiaji kasema Burundi imo Jumuiya ya Afrika Mashariki, basi yuko huru. Imo kweli, tangu 2007, lakini kuvuka mpaka siyo kuruhusiwa kufanya kazi. Sheria ya ajira za wageni ya 2015 bado inadai kibali. Tena CMA, ile Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inapokea madai ya ujira ndani ya siku 60 na ya kufukuzwa kazi ndani ya siku 30, lakini mahakama zimewahi kukataa madai ya mgeni asiye na kibali kwa hoja kwamba mkataba wake ni batili. Yaani tajiri anakula jasho la mtu na sheria inamlinda. Sikubaliani nalo, ila ndivyo lilivyo.

Aanzie ofisi ya mkuu wa kambi na kwa wanaotoa msaada wa kisheria humo humo Nyarugusu, kabla hajapanda basi. Kama keshavuka kwenda kisiwani, kila asubuhi akutumie meseji: wamepata ndoo ngapi, zimeuzwa bei gani, amekopa nini. Nimeona daftari likirekebishwa mbele ya BMU, kamati ya mwalo, kwa sababu tu mvuvi alikuwa na meseji zake na tajiri hakutaka makelele.

Huyo tajiri ni wa kisiwa gani? Usimtaje hapa, nitumie pembeni. Wengi wao mzigo wanashusha Kirumba, nitamuulizia kwa wapagazi.