Kihispania: weka daftari, shika embe

Muhula wangu wa kwanza wa Kihispania chuoni niliumaliza na alama nzuri na ulimi mzito. Kutwa tulikuwa tukinakili vitenzi: hablo, hablas, habla. Siku wageni wawili wa Madrid waliponiuliza bei ya juisi ya miwa pale Forodhani, nilibaki nacheka tu. Kichwani vitenzi vimejaa, mdomoni hakitoki hata kimoja.

Muhula wa pili tukapata mwalimu mwengine. Huyu alitupeleka shamba la viungo Kizimbani, akapiga marufuku Kiswahili mpaka adhuhuri. Kila mtu na kiungo chake, amuelezee mwenzake. Mimi niliangukia karafuu, clavo, na hapo ndipo nilipojua kuwa kwa Wahispania msumari nao ni clavo. Itazame karafuu kavu, kichwa na kijiti chake: msumari mtupu! Tangawizi ni jengibre, na j na g zake zote mbili hutamkwa kh. Hapo Wazanzibari tuna bahati. Aliyesoma Kurani utotoni, kh haimpi taabu.

Kilichonitesa ni ser na estar, maana kwetu vyote viwili ni "kuwa". Nikaokota embe, nikasema, "Es verde." Mwalimu akalichukua, akalibonyeza kwa kidole gumba, akanirekebisha: "Está verde." Nikabisha, si yale yale? Akanirudishia, akaniashiria niling'ate. Lo! Meno yalikufa ganzi. Es verde ni rangi yake, kijani. Está verde ni bichi, ngoja siku mbili tatu litaiva. Kurasa sita za daftari langu zilikuwa zikinieleza hilo, wala sikuwahi kulielewa.

Vitenzi vya daftarini sivitukani, vina siku yake, usiku wa kuamkia mtihani. Lakini wewe unayeanza, bandika majina kwenye makopo ya jikoni: canela kwenye mdalasini, nuez moscada kwenye kungumanga. Ukipika, sema kwa sauti unachokifanya: pelo, namenya, corto, nakata, frío, nakaanga. (Frío hiyo hiyo ni baridi pia, usiniulize kwa nini.)

Mama mwanzo alidhani nimepagawa, nasema na sufuria. Siku hizi akitaka thomu hunipigia kelele kutoka uani, "Niletee hiyo ajo!" na kh yake anaitoa sawasawa kuliko mimi.