Blackjack kwa aliyezoea karata za barazani

Mdogo wangu, umeuliza ujue nini kabla ya kukaa na wenzako meza ya blackjack huko Malindi. Kwanza sahau turufu na mwenza. Unashindana na mgawaji tu: jumla ya karata zako iikaribie 21 kumshinda yeye, bila kuipita. Ukipita, dau limekwenda, hata naye akipita baadaye. Faida ya kasino imejificha hapo.

Ghulamu, bibi na mfalme kila mmoja ni 10. Ree ni 1 au 11, ikufaavyo. Ukitaka karata, gonga meza kwa kidole. Ukitosheka, punga kiganja. Mgawaji hana hiari: kwa 16 lazima avute, na kwa kawaida 17 husimama.

Ree na karata ya 10 ukigawiwa mwanzoni, ndiyo blackjack yenyewe. Soma maandishi ya mezani! Malipo ya 3 kwa 2 hukupa shilingi 1,500 kwa dau la 1,000; ya 6 kwa 5 ni 1,200 tu. Meza hiyo ipite.

Ree mbili au nane mbili, zitenganishe ziwe mikono miwili, kila mmoja na dau lake. Kumi mbili usiziguse. Ukiuzwa bima, yaani dau la kando kwamba mgawaji ana blackjack, kataa.