Banda la mbao uani, mchwa nifanyeje?

SWALI: Fundi habari za kazi, mi niko Sahare hapa Tanga, nina kieneo nyuma ya nyumba nataka nijijengee mwenyewe banda la mbao futi 9 kwa 12 la kufanyia useremala wikiendi. Jirani ananambia nichimbie tu nguzo, nizipake oili chafu, basi. Mi mchwa wa huku nawajua. Halafu ninunue msaji au paini?

JIBU: Salama ndugu yangu. Oili chafu inasaidia kwa muda tu, masika ikipiga mwezi wa nne huo na wa tano inaoshwa yote inaingia ardhini, na kama una kisima karibu ndo ushajiharibia maji. Mbao isiguse udongo kabisa, hapo sibishani na mtu. Mwaga vinguzo vya zege vitokeze juu kama futi moja na nusu, na juu ya kila kimoja, kabla hujalaza mbao, weka kipande cha bati kilichozidi inchi mbili kila upande, kingo uzikunje zielekee chini. Bati haliui mchwa, watu wanadanganyana sana hapo, kazi yake ni kumlazimisha apitishe ile njia yake ya udongo nje unapoiona, kwahiyo uwe unainama kuchungulia, ukiona kamstari ka udongo kanapanda kwenye zege kwangua haraka, na chini ya banda usirundike kuni wala makopo maana hutaona kitu.

Vipimo vyako vizuri sana: ukivuta futi kamba kutoka kona hadi kona lazima isome futi 15 kamili, kote kuwili. Isiposoma hivyo ujue kona hazijakaa mraba, usipige msumari hata mmoja.

Msaji wa Longuza, Muheza, uko jirani kweli, ila mchwa anashindwa ile sehemu ya kahawia ya ndani, ile nyeupe ya nje anaila kama kawaida, na mbao nyingi za bei chee ni nyeupe tupu. Mi ningechukua paini ya dawa, ile iliyotiwa dawa ya kuzuia mchwa, inchi 2 kwa 4 kwa fremu nzima, msaji nibakize wa mlango. Simamisha mbao kila futi mbili na kila ukuta uupe mbao ya mshazari inayokatiza kutoka kona hadi kona, bila hivyo upepo wa kusi ukikaza banda linalala upande. Mlango usitazame huko kusi inakotokea. Misumari chukua yenye zinki, chumvi ya bahari haina huruma.

Ukikata paini ya dawa, paka dawa tena pale ulipokata maana katikati mara nyingi haijafika. Vipande vinavyobaki usimpe mtu akapikie hata akikubembeleza, dawa ile ya kijani mara nyingi ina arseniki, moshi wake na majivu yake ni sumu.