Kwa mwalimu mpya wa Gredi ya 1: anza na sauti

Ukipangiwa Gredi ya 1 hapa Nairobi, utapokea watoto wanaoimba alfabeti nzima bila kukwama, na wazazi watakwambia kwa fahari kwamba mtoto tayari anasoma. Mwandikie "baba" ubaoni. Atasema "bii, ei, bii, ei", kisha atakutazama akingoja umtajie neno lenyewe. Majina ya herufi anayo, sauti zake hana.

Imla ndiyo itakayokuonyesha zaidi. Tamka "kiti" na utakusanya madaftari yenye "kete". Mtoto huyo amesikiliza vizuri kabisa: alisikia i, akatafuta herufi ambayo kwa Kiingereza huitwa "ii", akaipata E. Ile I anaijua kama "ai". Usimtie mkasi, ile alama ya X ya kosa, ukapita. Keti naye, umwambie kwamba kwa Kiswahili herufi hii inasema i, popote itakapokaa. Irabu zetu ni 5 na sauti zake hazigeuki. A ya "baba" ndiyo a ya "kalamu". Kiingereza hakina huruma hiyo, maana a ya "cat" siyo a ya "cake". Kwa hiyo msingi wa kusoma ujengee kwenye Kiswahili, watoto wazoee kwamba herufi husema kitu.

Lakini kabla ya chaki, fundisha masikio. Pigeni makofi kwa silabi. "Mbuzi" ni makofi mawili, mbu-zi. "Mbu" nalo ni mawili, m-bu, kwa sababu m hapo ni silabi peke yake, kama katika "mtu" na "mbwa". Jicho linaona mb ileile. Sikio ndilo linalotenganisha. Mpe mtoto muda hapa, hata wiki nzima, kwani asiyesikia silabi hataweza kuiunganisha akiiona.

Kisha kumbuka lugha za nyumbani. Katika maandishi ya Kikuyu, th husomwa kama dh yetu, hivyo "thelathini" itamtatiza mtoto aliyeanza huko. Mwambie aweke vidole kooni: dh inatetemesha, th haitetemeshi. Dholuo haina sh, basi utasikia "samba" mahali pa "shamba". Asichekwe. Tamka "saba" na "shaba", aangalie midomo yako, aseme ni lipi amesikia, ndipo ajaribu mwenyewe. Ng' ya "ng'ombe" na ng ya "ngoma" zifundishe siku moja, ubavu kwa ubavu, na ritifaa, ile alama ya ('), iandike kubwa.

Kupima nani anasoma, usitumie ukurasa wenye picha. Andika neno lisilo na maana, kama "numofi". Anayeunganisha nu-mo-fi anasoma kweli, hata akienda polepole. Anayekujibu "nyumba" anakisia kwa herufi ya kwanza, na huyo kesho mhamishie dawati la mbele, muanze naye tena na na, ne, ni, no, nu.