Barua kwa mwanangu: waache bibi na wajukuu wataniane

Mwanangu,

Nimeyasoma yote uliyoniandikia, na nimeyarudia. Unasema tangu mlipomchukua mama mkwe wako kutoka Tongoni mkampeleka kwenu Dodoma, nyumba haina utulivu. Anauliza jambo moja mara tano, mjukuu wake wa kiume anamjibu kwa ukali, yule wa kike anajifungia chumbani na simu, na wewe unabaki katikati ukimwomba huyu radhi na kumgombeza yule. Unaniuliza ufanye nini ili watoto wamheshimu bibi yao, na mimi niliwezaje hapa Makorora, nyinyi mkiwa rika hilo hilo, bibi yako yumo ndani na vyumba ni vitatu tu.

Toka katikati, mama. Hilo ndilo jibu langu, na mengine yote yanatokana na hilo.

Sisi watu wa pwani hii, mjukuu na bibi yake ni watani. Mzazi ndiye wa kuogopwa, bibi ni wa kutaniwa. Unakumbuka bibi yako alivyokuwa akikuita mke mwenzie? Akikushtaki kwa babu yako kwamba unammalizia mumewe pesa kwa mafuta ya nywele, nawe ukimjibu kwamba zamu yake imekwisha, akalale jikoni. Mimi nilikuwa nasikia na sikuingilia hata siku moja. Maneno ambayo ningeyasema mimi ungenuna, yeye aliyasema kwa utani ukayachukua. Yule kijana wa baiskeli aliyekuwa akipita mbele ya nyumba kila alasiri, akipiga kengele na barabara haina mtu, nani alimmaliza? Bibi yako alimwita barazani, akampa kigoda, akamuuliza mbele yako kama amekuja na mahari yake yeye kwanza, maana mkubwa ndiye huolewa mwanzo. Kengele hatukuisikia tena, na wewe ulicheka mpaka ukakaa chini.

Sasa nasoma ulivyowapanga watoto wako: msipige kelele bibi amelala, msimjibu, msimsumbue, shusheni sauti. Kila akirudia swali unawakazia macho wao. Kwao amekuwa mgeni mkubwa asiyeondoka. Wewe na yeye mna mpaka wenu, ni mkweo, na mpaka huo ni mzuri, uutunze. Wao hawana mpaka huo, usiwawekee.

Halafu waeleze ukweli kuhusu kusahau. Mtoto wa miaka 14 anaelewa. Mwambie bibi anashindwa kushika jambo jipya; ya miaka hamsini nyuma yapo, ya asubuhi hii hayapo. Anapouliza mara ya tano kama baba yao amerudi, kwake ni mara ya kwanza. Ukimwambia "nimeshakujibu," jibu litapotea lakini ule uchungu wa kukaripiwa utabaki naye hata asipojua umetoka wapi. Ajibiwe kwa kifupi, kwa sauti ile ile, kisha avutwe kwenye jambo jingine. Na asibishiwe. Akisema jioni hii anarudi kwao Tongoni, msimwambie mabasi yamekwisha. Muulizeni saa hizi kule watu wanafanya nini, ngalawa zimesharudi au bado. Atawasimulia, na atatulia. Wengi wenye maradhi haya ya kusahau huchanganyikiwa zaidi jua linapozama, kwa hiyo washeni taa mapema na mtu mmoja akae naye.

Lakini mtu akikwambia kila kitu ni uzee tu, usikubali upesi. Mzee akibadilika ghafla, jana alikuwa anakujua na leo haijui hata nyumba, huo si uzee. Inaweza kuwa maambukizi ya mkojo, inaweza kuwa ameishiwa maji mwilini, inaweza kuwa dawa mpya aliyoanzishwa. Bibi yako yalimpata hayo wewe ukiwa bweni. Alikesha akiongea na watu wasiokuwepo, majirani wakasema amepandisha, wakaja na ubani. Mimi na mjomba wako tukampakia kwenye teksi tukampeleka hospitali ya Bombo. Ulikuwa mkojo. Alimeza dawa, na baada ya siku chache akawa anadai chai yake ya tangawizi na kuulizia nani kaigusa bakuli yake. Wazee hawasikii kiu kama sisi, na huko kwenu kukavu. Hiyo kazi ya maji mpe mjukuu wa kiume: kila akirudi shule, kikombe kimoja kwake, kimoja kwa bibi, wanywe pamoja. Na kwenye hospitali za serikali ulizia dirisha la wazee, usimsimamishe foleni.

Ugomvi wa usingizi ulioniandikia nao usiufanye wa tabia. Bibi anaamka saa kumi alfajiri na kuita watu wasali, kijana usingizi haumjii mpaka saa sita usiku, basi kila mmoja anamwona mwenzake mkorofi. Miili yao ndivyo ilivyo. Umri wa balehe huusogeza usingizi mbele, na kijana anahitaji saa nane hadi kumi. Uzee huurudisha nyuma. Mhamishe bibi chumba kilicho mbali na cha kijana kama kipo, mwekee taa ya usiku njia ya chooni, na Jumamosi mwache mtoto alale akishasali.

Kuoga ni jambo la stara, na hapo ndipo nilipokuona umechoka zaidi. Mumeo hawezi kumwogesha mama yake. Wewe unaweza, lakini muombe ruhusa kila mara, hata kama jana alikuruhusu. Kiti cha plastiki kisichoteleza, maji ya uvuguvugu yawe tayari kabla hajavua, kanga mbili: moja abaki amejifunga wakati unammiminia, nyingine kavu ya kubadilisha. Kausha sakafu kabla hajasimama, maana mzee akivunjika nyonga mengi hubadilika. Mjukuu wa kike amsugue mgongo na kumpaka mafuta ikiwa amependa mwenyewe. Usimgeuze yaya. Ana mtihani wa kidato cha nne Novemba, na kaka yake ana mikono miwili kama yeye. Kufua kanga za bibi, kumpelekea uji, kumtembeza mpaka kona na kurudi, hayo yote mvulana anaweza.

Umesema mama mkwe anashinda amekaa, vidole vyake vinachezea ukingo wa kanga. Niliposoma hapo moyo uliniuma, kwa sababu namjua yule mama. Hakuna jamvi lililokuwa zuri kule kwao ambalo hakulishika. Bibi yako mwishoni alikuwa haliwezi jina langu, ananiita kwa jina la dada yake, lakini ukimpa miyaa, yale majani ya kusukia mikeka, anaichana kwa kucha ya kidole gumba, upana sawasawa kutoka mwanzo hadi mwisho, anailowesha kidogo, anaanza ukili, ule ukanda unaosukwa kisha ukashonwa kuwa mkeka, na mkono haukosei hata akiwa anakutazama wewe. Kazi ambayo mikono imeizoea tangu utotoni hukaa muda mrefu kuliko majina. Nawe ulijifunza kwake, ingawa ukili wako ulikuwa unapinda. Kumbuka ulivyokuwa ukimletea akufumulie, na alivyokuwa akikusema. Hapo hakuwa mgonjwa wa mtu. Alikuwa fundi na wewe mwanafunzi.

Watoto wako hawajawahi kumwona bibi yao akiwashinda kwa chochote. Wanamwona akishindwa tu, kutwa nzima. Huwezi kuwaamrisha wamheshimu mtu wa namna hiyo, watakutii mbele ya macho yako basi.

Ijumaa naweka mzigo kwenye basi: mafungu ya miyaa, mengine meupe, mengine nimeshayatia rangi ya zambarau na kijani, na juu yake muhogo mkavu wa bada, ule ugali wetu wa muhogo, maana najua huko haupati wa kwetu. Mzigo mkipokea, usimpe wewe. Mpe mjukuu wa kiume ampelekee, na mfundishe la kusema: "Mke wangu, tangu uje hapa nalala kwenye godoro tupu, hujanisukia hata mkeka. Nikaoe mwingine?"

Nipigie unieleze amejibiwa nini. Nisalimie mumeo, na mkwe mwenzangu umshikie mkono kwa niaba yangu.

Mama yako,
Makorora, Tanga