Kung'arisha mikono ya pedeli ya zamani

Ndugu uliyeuliza kama mikono ya alumini inayoshika pedeli za baiskeli, ikiwa imekwaruzika, inaweza kung'aa tena: inawezekana, ila kama ina utando wa anodi (tabaka gumu la oksidi linalowekwa kiwandani juu ya alumini), dawa ya kung'arishia haitafanya lolote kwenye alumini yenyewe mpaka utando huo uondolewe. Anza na msasa wa maji namba 400 palipochimbika tu, kisha 600, 1000 na 2000 (namba ikiwa kubwa, msasa ni laini zaidi), ukigeuza mwelekeo wa kusugua kila unapobadilisha msasa, ili mistari ya msasa uliotangulia ionekane wazi na usisonge mbele kabla haijatoweka yote. Hapo ndipo wengi huharakisha, na jua huwaumbua. Mkwaruzo wa kina sana, kwa maoni yangu, ni heri ubaki kuliko kupunguza unene wa mkono. Kagua pia kuzunguka tundu la pedeli: mstari mwembamba unaoanzia hapo na usiopungua unaposuguliwa huenda ni ufa, na mkono wenye ufa haufai kufungwa tena kwenye baiskeli. Usukani wenye kromiamu usiuguse kwa msasa, kwa kuwa tabaka lake ni jembamba mno. Kutu yake ya juujuu huondoka kwa karatasi ya alumini iliyoloweshwa maji.