Kabla ya kuandika, wajue kuusoma

Mhariri, wiki hii mmetuuliza kama shule ziendelee kufundisha mwandiko wa kuunganisha herufi, ilhali watoto wanaandika kwa kubofya vitufe. Nasema ziendelee, ingawa sababu zangu si zile tulizozoea kuzisikia.

Watetezi wake aghalabu hutaja uzuri na kasi. Uzuri ni wa wachache wenye mkono mwepesi. Kasi nayo ina mashaka, kwani watu wazima wengi wanaoandika haraka huunganisha baadhi tu ya herufi. Tena mtoto wa mkono wa kushoto huisukuma kalamu badala ya kuivuta, kiganja kikipita juu ya wino mbichi, kisha huadhibiwa kwa uchafu wa daftari.

Mimi ninachokitetea ni kusoma. Binti yangu, ambaye humaliza kitabu kinene kwa siku mbili, alifungua daftari la marehemu bibi yake akakwama kwenye neno “bora”. Mstari uliotokea juu ya “o” ulikuwa umeibadilisha “r” hata hakuitambua. Nilimpa kalamu alifuatishe neno hilo kwa mkono wake. Alipolirudia mara ya tatu, akalisoma.

Finland iliondoa mwandiko huu katika mtaala wake mwaka 2016, ikabakiza herufi zilizotengana pamoja na kuchapa. Kwa hiyo wanaodai kwamba nchi hiyo imeitupa kalamu wanaikosea. Jimbo la California, kinyume chake, lilipitisha sheria mwaka 2023 ya kuufundisha kuanzia darasa la kwanza hadi la sita. Marekani hiyohiyo, Hifadhi ya Taifa ya Nyaraka huwaomba watu wa kujitolea wanaoweza kusoma mwandiko wa aina hiyo wasaidie kunakili kumbukumbu za zamani, kazi ambayo mtu aliyezoea herufi za kompyuta peke yake haiwezi, hata awe msomi kiasi gani.

Kwa hiyo somo libaki, lakini lipunguzwe. Dakika chache kwa siku katika muhula mmoja au miwili zingetosha, pasipo kutoa alama za mlalo wa herufi wala unadhifu wa vitanzi. Siku ya mtihani, mwalimu amkabidhi kila mwanafunzi barua ya zamani iliyoandikwa na mtu asiyemfahamu, amwambie aisome kwa sauti.